Presha ya Macho: Namba Moja Haitoshi

Anayeambiwa kliniki kwamba presha ya macho yake ni 17 huondoka ameridhika. Imezoeleka kwamba kati ya milimita 10 na 21 za zebaki ni salama, na aliyezidi hapo ndiye wa kushukiwa glakoma, ugonjwa unaoua polepole mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi bila maumivu. Nadhani ridhaa hiyo ni ya hatari. Presha halisi ingepatikana kwa kuingiza sindano ndani ya jicho, jambo ambalo kliniki haiwezi kulifanya kila siku. Vipimo tunavyovijua huisukuma konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, kisha hukadiria, kama mtu anavyobonyeza mpira kujua una upepo kiasi gani. Ugumu wa ngozi hiyo ukibadilika, makadirio nayo huyumba.

Kipimo kinachoaminika zaidi kilibuniwa miaka ya 1950 na Hans Goldmann wa Uswisi. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi na rangi ya njano, huegemeza kidevu kwenye darubini, na ncha ndogo ya plastiki hubapisha konea kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 3.06. Chini ya mwanga wa buluu daktari huona nusu duara mbili za kijani. Huzungusha kitasa mpaka kingo zake za ndani zigusane, ndipo husoma. Kipenyo hicho kilichaguliwa kwa sababu hapo ugumu wa konea na mvuto wa machozi hufutana, na gramu moja ya nguvu huwa sawa na milimita 10 za zebaki. Lakini hufutana hivyo kwenye konea yenye unene wa karibu nusu milimita tu. Ikiwa nyembamba, namba hushuka chini ya presha ya kweli. Ikiwa nene, hupanda. Rangi ikizidi hupanda, na mgonjwa akikaza kope au kubana pumzi hupanda vilevile. Waliofanyiwa upasuaji wa leza ili waache miwani, konea zao zikapunguzwa, presha yao husomeka chini kuliko ilivyo.

Wapo watakaosema basi unene upimwe na namba isahihishwe kwa hesabu. Kuupima ni lazima: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kati ya watu wenye presha ya juu, wenye konea nyembamba walipata glakoma zaidi, na kwamba kwa wastani Wamarekani weusi walikuwa na konea nyembamba kuliko wenzao. Hesabu za kusahihisha, hata hivyo, ni nyingi na hazikubaliani, kwa kuwa konea mbili zenye unene mmoja zaweza kutofautiana ugumu. Unene humwonyesha daktari nani yuko hatarini zaidi. Hauipi namba usahihi mpya.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kila kipimo hukosea, kwa nini tupime? Kwa sababu kuishusha presha ndiyo tiba pekee ya glakoma iliyothibitika, na kujua kama dawa inafanya kazi hakuhitaji namba kamilifu. Kunahitaji kifaa kilekile na, ikiwezekana, saa ileile, maana presha hubadilika ndani ya siku moja. Namba ya kifaa kinachopuliza upepo kwenye jicho haifai kulinganishwa na ya Goldmann ya mwezi uliopita, halafu dozi ikabadilishwa.

Vijijini kifaa cha mkononi kinachorusha kijiti chepesi kikagusa konea na kurudi kinafaa sana, kwa kuwa hakihitaji ganzi wala darubini. Utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea, kwa hiyo kazi ipo. Ila katika utafiti wa Baltimore, Marekani, zaidi ya nusu ya macho yenye glakoma yalisoma chini ya 22 yalipopimwa mara moja. Kambi ya macho inayopima presha tu itawarudisha wagonjwa wengi nyumbani bila tiba. Mhudumu aliyefunzwa kuutazama mshipa wa jicho kwa tochi maalumu ya kuangalia ndani ya jicho angewaona.