Pesa za Korona na Mkulima wa Ishiara

Ukisoma hotuba za serikali za mwaka 2020 utakutana na mabilioni ya shilingi kwa wakulima. Ukimuuliza mkulima wa hapa Ishiara alipata ngapi, huenda akuangalie tu. Je, nani anadanganya? Pengine hakuna, kwa maana pesa hizo hazikuwa noti za kutia mfukoni.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 2020. Kafyu ikaja, masoko mengi ya wazi yakafungwa, baa nazo zikafungwa. Usicheke! Mtama wa huku Mbeere hununuliwa sana na watengenezaji wa bia. Baa ikifungwa Nairobi, gunia linabaki nyumbani Ishiara.

Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Humo, bilioni 3 zilitengewa pembejeo za wakulima wadogo 200,000, na bilioni 1.5 zikawaendea wakuzaji wa maua na mboga za kuuzwa ng'ambo. Hebu chukua kalamu ugawanye: bilioni 3 kwa watu 200,000 ni shilingi 15,000 kwa kila mmoja. Si haba ati! Lakini wakulima wadogo wa Kenya ni mamilioni, kwa hivyo wengi hesabu hiyo haikuwahusu.

Tena hizo 15,000 si za kutoa kwa M-Pesa. Ni vocha ya kielektroniki, wala si ile kadi ya kukwaruza tunayoijua. Mkulima husajiliwa kwa kitambulisho na nambari ya simu, serikali humwekea kiasi, mara nyingi naye huongeza chake, kisha huenda kwa agroveti iliyokubaliwa akachukua mbegu au mbolea. Embu na Tharaka Nithi hazikuwa geni kwa mambo haya, kwa sababu mradi wa KCEP-CRAL ulikuwa umeleta vocha kabla ya korona.

Wanaotetea vocha husema pesa taslimu zingeishia kwingine, shamba libaki tupu. Sawa, lakini mama ambaye ndengu zake zimekosa mnunuzi anataka unga leo jioni. Mbegu ya kungojea mvua ya Oktoba haipikwi, na ikiwa imetiwa dawa ni sumu.

Pesa taslimu zilikuwako, ila kwa mlango mwingine. Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na Machi 2020 serikali iliongeza bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Kumbe cucu wa miaka 72 angeweza kusaidiwa kwa uzee wake, si kwa jembe lake! Mwanawe wa miaka 45, mwenye mtama usionunuliwa, hakuwa na mlango.

Korona ilipungua lakini vocha haikuondoka. Tangu mbolea ya ruzuku ishushwe hadi shilingi 3,500 kwa gunia mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, mkulima aliyesajiliwa huletewa ujumbe kwa simu. Sasa, wazee wangapi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto aliyehamia Nairobi? Likizo hii ukifika nyumbani, muulize cucu laini yake ni ya kitambulisho cha nani.