Simu ya mkononi kama zana ya kufundishia

Simu ya mkononi kama zana ya kufundishia ni matumizi ya simu darasani, au katika kuandaa somo, ili kumsaidia mwalimu kufundisha na mwanafunzi kuelewa. Nchini Tanzania simu hiyo kwa kawaida ni ya mwalimu, kwa kuwa shule nyingi huwakataza wanafunzi kuja na simu. Jambo hili husahauliwa mara nyingi watu wanapobishana kama simu ziruhusiwe shuleni: simu moja mikononi mwa mwalimu si sawa na simu arobaini chini ya madawati.

Historia

Mfano mkubwa wa awali ni mradi wa BridgeIT, uliojulikana kwa Kiswahili kama Elimu kwa Teknolojia, ulioanza mwaka 2007. Ulifuata mradi wa text2teach wa Ufilipino. Wizara ya elimu ilishirikiana na International Youth Foundation, Nokia na Pearson, kwa msaada wa USAID. Mwalimu wa shule ya msingi alipakua video fupi ya hisabati, sayansi au stadi za maisha kwa simu, kisha akaiunganisha na televisheni ili darasa zima lione. Shule 150 zilifikiwa.

Mkoani Katavi

Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na sehemu kama Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, au Mishamo ziko mbali na mji.

Katika mazingira hayo simu ina faida ambayo kompyuta ya mezani haina: huchajiwa hata kwa paneli ndogo ya sola. Mwalimu aliyefika mjini anaweza kupakua vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, akavihifadhi kwenye simu na kuvitumia kijijini bila bando.

Matumizi darasani

Si lazima pawe na intaneti. Kwa shule isiyo na maabara kamili, saa ya kupimia muda iliyomo kwenye simu inatosha kwa jaribio la fizikia. Jiwe dogo hufungwa kwenye uzi na kuning'inizwa, urefu ukiwa mita 1 hadi katikati ya jiwe. Likivutwa kidogo pembeni na kuachiwa, kwenda na kurudi mara 10 huchukua takriban sekunde 20. Kutokana na vipimo hivyo wanafunzi hukokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia na kupata jibu lililo karibu na 9.8. Jiwe likibadilishwa kwa lililo zito zaidi, urefu ukibaki uleule, muda haubadiliki, na hapo ndipo mabishano ya kweli huanza darasani.

Kamera nayo hukuza mshipa wa jani au mguu wa panzi, na kinasa sauti humwezesha mwanafunzi kusikia matamshi yake mwenyewe.

Vikwazo

Kioo cha simu ni kidogo, hivyo picha hutazamwa kwa vikundi, au mwalimu huichora upya ubaoni. Gharama ya bando mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwalimu. Simu inayoita katikati ya somo huvuruga darasa, kwa hiyo huondolewa kwenye mtandao kabla ya kipindi kuanza.