Neva za Mguu wa Nyuma wa Simba

Simba arukiapo windo, nguvu ya kumsukuma mbele hutoka katika miguu ya nyuma. Misuli ya miguu hiyo, ijapokuwa minene, haiwezi kufanya kazi bila amri. Amri hizo hutoka katika ubongo na ugwe wa mgongo, nazo husafiri katika neva.

Wanyama wote wa jamii ya paka, tangu paka wa nyumbani hadi chui na simba, wana pingili 7 za kiuno, na nyuma yake pingili 3 zilizoungana penye nyonga. Kati ya pingili hizo huchomoza mizizi ya neva, ambayo hukutana na kufanya neva kubwa tatu za mguu. Ya kwanza, neva ya paja, hutawala misuli inyooshayo goti, na ndiyo imwezeshayo mnyama kusimama. Ya pili hutawala misuli ya ndani ya paja, izuiayo mguu usiteleze kwenda nje. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni neva ya siatiki.

Siatiki hupita nyuma ya kiungo cha nyonga, kisha huteremka chini ya misuli ya nyuma ya paja. Kabla ya kufika gotini hugawanyika. Tawi moja hupita nyuma ya goti, nalo hutawala misuli inyooshayo kifundo na kuchomoza makucha. La pili hupita upande wa nje wa goti, karibu na ngozi. Hilo hutawala misuli ikunjayo kifundo na kunyoosha vidole.

Elimu hii ina manufaa makubwa porini. Daktari atakaye kumvua simba tanzi la waya humpiga kwanza sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu. Yampasa alenge misuli minene ya bega au ya paja, mbali na kiungo cha nyonga. Siatiki ikijeruhiwa vibaya, misuli iliyo chini ya goti hupooza. Mnyama aweza bado kusimama, maana neva ya paja ni nzima. Lakini vidole hujikunja, naye hukanyagia migongo yake hadi ngozi ichubuke.

Neva iliyokatika huweza kuota tena, lakini kwa kadiri ya milimita 1 tu kwa siku. Kwa umbali wa nusu mita, hizo ni siku 500. Simba aweza kula windo la wenzake muda huo. Chui, awindaye peke yake, hana msaada huo.