Daftari la Wageni na Usalama wa Mahali pa Kazi

Katika nyumba ya Wahaya mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa haja iliyomleta. Adabu hiyo ni njema, lakini haitoshi kwenye lango la kiwanda, maabara au hospitali. Mahali pa kazi pana hatari ambazo mwenyeji amezizoea na mgeni hazijui. Na mgeni naye aweza kuingia na hatari ambayo mwenyeji haioni. Ndiyo sababu hapo huulizwa kwanza jina, atokako na anayemwendea.

Ugonjwa wa Marburg waonyesha jambo hili waziwazi. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, katika Yugoslavia ya wakati huo, walipougua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Ugonjwa ukawafikia pia baadhi ya waliowauguza. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Tangu mwanzo, basi, huu ulikuwa ugonjwa wa kazini.

Tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kuwa umeingia wilaya ya Bukoba, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Wawili katika wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alikufa. Marburg haienei hewani kama mafua. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo walio hatarini zaidi ni wanaomhudumia: muuguzi, na jamaa aliyekuja na kikapu cha ndizi ili amlishe na kumfulia nguo.

Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Kutokana na hesabu hiyo, kila aliyemgusa mgonjwa hana budi kuangaliwa kwa siku 21. Bukoba walifuatiliwa watu 212. Nani atakumbuka, baada ya majuma mawili, ni nani aliyeketi kitanda cha pili siku ya Jumanne? Swali hilo lilirudi Januari 2025, taarifa za watu walioshukiwa kuugua zilipotoka wilaya za Biharamulo na Muleba. Safari hiyo walihesabiwa wagonjwa 10, wote wakafa, na watu 281 walifuatiliwa.

Hapo ndipo daftari la wageni, ambalo wengi huliona kuwa usumbufu wa mlinzi, linapopata maana yake. Mkoa wa Kagera ulikwisha kujua gharama ya kulikosa. Meli ni mahali pa kazi pa mabaharia, na abiria ni wageni wao. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hadi leo makadirio ya waliokufa yanapishana kwa mamia, na ziko jamaa ambazo hazikupata hata jina la ndugu yao katika karatasi.

Safu inayoachwa wazi mara nyingi ni ile ya saa ya kutoka, nayo si ndogo. Moto ukizuka kiwandani, watu hukusanyika uwanjani na majina huitwa kutoka daftarini. Mgeni aliyekwenda zake bila kuandikwa atahesabiwa kuwa yumo ndani, na zimamoto atajitosa katika moshi kumtafuta mtu aliyekwisha kufika nyumbani.

Tena kuna kalamu yenyewe. Ikipita katika mikono ya watu mia kwa siku, wakati wa maradhi ya kuambukiza huwa ni njia nyingine ya uchafu. Heri mlinzi aandike mwenyewe, na ndoo ya maji na sabuni iwekwe kabla ya meza yake, si baada yake.