Mugonjwa Asiyejua Usiku na Mchana

Mutu aliyefanya kazi ya usiku kwenye mugodi anajua hii: ukilala mchana, usingizi haushibishi. Sababu ndani ya ubongo kuna kama saa, nayo inaongozwa na mwangaza. Giza likiingia, ubongo unatoa melatonini, na mwili unajua wakati wa kulala umefika.

Sasa mufikiri mugonjwa mahututi kule reanimasio. Taa zinawaka usiku kucha, mashine zinalia, wauguzi wanamupima mara kwa mara. Analala vipande vipande, na saa yake inapotea. Ndipo anaweza kuchanganyikiwa: anaona watu wasiokuwako, anavuta mipira ya dawa, hata bibi yake hamujui.

Musiseme: “Amelogwa,” ao “Ni wazimu.” Waganga wanaita hali hii delirio. Kukosa usingizi kunaweza kuichochea, lakini hata maambukizo, dawa fulani na upungufu wa hewa vinaileta. Mumwambie munganga upesi.

Ninyi jamaa pia muna kazi. Mchana, muombe pazia lifunguliwe. Mumwambie mugonjwa siku, saa na mahali alipo. Mumuvalishe miwani yake. Usiku, muombe taa ipunguzwe. Na nyimbo zetu? Zingoje asubuhi.