Maji Moto, Walinzi wa Vidaka

Chini ya mnazi hapakosi vidaka vilivyoanguka. Wakulima wa Pwani hulaumu upepo, ukame, pengine hata jicho la mtu. Ni kweli, mnazi wenyewe hupukutisha vidaka usivyoweza kuvilisha. Lakini okota kimoja ukigeuze: ukiona kovu jeusi lililozama na utomvu umegandia hapo, ujue kimedungwa.

Mdungaji ni mdudu wa kahawia, mwembamba, ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Huchoma mrija wake kwenye kidaka kichanga na kufyonza, na mate yake huua sehemu aliyoidunga. Kidaka hudondoka; kikinusurika, nazi hukua na makovu. Wadudu wachache tu kileleni wanatosha kuharibu mavuno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alichunguza minazi ya Zanzibar akagundua kuwa ile inayokaliwa na chungu waitwao maji moto haisumbuliwi sana na mdudu huyo. Maji moto ni wawindaji, na hukaa kulekule juu. Kiota chao hushonwa kwa majani mabichi: baadhi huvuta kingo za majani mpaka zikutane, wengine huleta mabuu yao yakiwa mdomoni. Buu hutoa uzi wa hariri, na chungu aliyembeba humpitisha huku na huku mpaka majani yashikane.

Kwa nini basi si kila mnazi una maji moto? Kwa sababu wana adui: chungu wadogo wa kahawia, Pheidole megacephala, wanaoishi ardhini penye mashina. Hawa huwafukuza maji moto, lakini hawavilindi vidaka.

Utafiti uliofuata Tanzania, ukiwamo wa wataalamu wa Mikocheni, Dar es Salaam, ulitafuta jinsi ya kuwasaidia maji moto. Chambo chenye sumu kikiwekwa chini, huwapunguza chungu wadogo. Michungwa ikipandwa kati ya minazi, huwapa maji moto majani mapana ya kushonea. Tena, utafiti wa Zuberi Seguni na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kuwa palizi ya kuliacha shamba jeupe huwapa nguvu chungu wadogo. Magugu yakiachwa, maji moto hustahimili.

Dawa hii ya kutumia maji moto haizuii mbawakawa aitwaye chonga wala ugonjwa wa kunyong'onyea. Haileti faida ya haraka pia, maana tangu ua hadi nazi kukomaa ni karibu mwaka mzima.

Kikwazo kikubwa ni mkwezi. Yeye ndiye anayeng'atwa, na hulipwa kwa kazi ya siku ile, si kwa vidaka vitakavyopona. Akipata nafasi atavichoma viota, na huwezi kumlaumu. Mwenye shamba anayewataka walinzi hao na aongeze ujira wa kukwea mnazi wenye maji moto.