Je, Wajua? Elektroni ya 19 kwenye Ndizi ya Ibighi

Je, wajua kwamba migomba ya Ibighi hufyonza potasiamu kwa wingi kutoka kwenye udongo wa volkano wa Rungwe, na kwamba tabia ya potasiamu inatawaliwa na elektroni moja? Atomi yake ina elektroni 19, zimepangwa 2:8:8:1.

Je, wajua kwamba ngazi ya tatu ya nishati ina nafasi 18? Kwa nini basi ile ya 19 imekwenda ngazi ya nne na kuacha nafasi kumi wazi? Wanafunzi wengi huambiwa wakariri tu, nao hukosa uhondo wote. Kila ngazi imegawanyika katika ngazi ndogo. Ngazi ndogo ya kwanza ya ile ya nne hudai nishati pungufu kuliko ya mwisho ya ile ya tatu, na elektroni hujaza kwanza penye nishati ndogo.

Je, wajua kwamba elektroni hiyo ya pembezoni hung'oka kirahisi? Ikitoka, atomi hubaki na chaji chanya, na ni katika hali hiyo mizizi huinywa, nasi tukila ndizi hutusaidia mapigo ya moyo. Potasiamu tupu, aliyoitenga Humphry Davy mwaka 1807, huwaka ikigusa maji.

Moto wake ni wa zambarau. Joto huipandisha elektroni ngazi, nayo ikishuka hutoa mwanga. Kila elementi ina rangi zake, maana ngazi zake zimepishana kwa namna yake. Niels Bohr alilieleza jambo hili mwaka 1913, akianza na hidrojeni.

Je, wajua kwamba rangi hizo zilifichua heliamu kwenye Jua mwaka 1868, kabla haijapatikana duniani? Ina elektroni mbili tu, ngazi yake imejaa, na kwa kawaida haiungani na chochote. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwapo kwa wingi katika Bonde la Rukwa, jirani na Rungwe.

Na kaboni dioksidi ya Kyejo, huku huku Rungwe, inayovunwa na TOL Gases kwa ajili ya soda? Kaboni ni 2:4, oksijeni 2:6. Kaboni moja hushirikiana elektroni na oksijeni mbili, jozi mbili kila upande, hadi kila atomi ikafikisha nane.